Kikaragosi Lazima Kiwe na Uzito

Ukimwambia mtu wa Kitale au Bungoma kwamba filamu yake ya vikaragosi bado haijaiva, jibu huwa moja: simu. Simu yangu ni ya bei ya chini. Kamera haioni usiku. Sina taa, sina kompyuta, nikipata simu nyingine ndio utaona kazi. Wimbo huo nimeusikia sana mwaka huu. Niliachana na chuo mwaka wa pili, sasa naandika kwa malipo ya kipande kwa kipande, na watu wameshajua kwamba mtu akinitumia klipu ya dakika mbili nitaitazama mpaka mwisho, niirudie, kisha nimwambie nilichoona. Kwa hivyo wananitumia. Na kwa klipu karibu zote nilizotumiwa, simu haina makosa.

Nazungumzia stopu-mosheni, ile sanaa ya kuweka kitu mezani, kukipiga picha, kukisogeza kidogo, kukipiga tena, mpaka picha zikifuatana kitu kionekane kinajiendea chenyewe. Sinema ya kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde. Watengenezaji wengi wa vikaragosi hupiga 12 tu, kila moja ikionyeshwa mara mbili, na jicho halilalamiki. Dakika moja basi ni picha 720. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake kwenye chumba cha kupanga, akiombea stima isipotee, hiyo dakika ni wikendi kadhaa za maisha yake. Ndio maana naona ni heshima kumwambia ukweli kuhusu alichopata baada ya wikendi hizo.

Hamu kubwa ya wasee wengi ni ulaini. Wanataka kikaragosi kiteleze kama vile vya studio za Marekani. Video za mafunzo zinawaambia vivyo hivyo: nunua mifupa ya chuma iliyotengenezwa tayari, nunua taa tatu, ongeza picha. Mimi nadhani huo ulaini ni mtego. Kinachotufanya tukiamini kikaragosi ni uzito. Tuone kwamba kitu hiki kikiachiliwa kitaanguka, kwamba kukisogeza kuna gharama, kwamba kabla hakijasogea kuna sababu. Uzito hauuzwi dukani. Unapatikana kwa kuhesabu picha.

Chukua filamu ya jamaa mmoja wa Kitale, ambaye simtaji kwa sababu bado hajaiachilia. Ni dakika mbili na kidogo. Mzee wa udongo mwekundu juu ya mifupa ya waya anatoa gunia lake la mahindi nyumbani, analipeleka kando ya barabara, anangoja lori la mnunuzi. Lori haliji. Giza likiingia analirudisha gunia ndani. Basi. Hadithi ni nzuri, na haihitaji maelezo kwa mtu yeyote wa Trans Nzoia.

Shida ni gunia. Gunia la mahindi ni kilo 90. Hapa kwetu kila mtoto ameona mpakiaji akilibeba, na mwili wake unajua kilo 90 hufanya nini kwa goti la mtu. Niliisimamisha filamu nikahesabu: kutoka gunia likiwa chini mpaka liko mgongoni, picha 4. Kwa kasi ya picha 12, hiyo ni theluthi moja ya sekunde. Mzee anainua mahindi yake kwa muda ambao wewe unapepesa jicho. Niliwaonyesha binamu zangu, wakacheka. Walicheka pale ambapo filamu ilitaka wanyamaze.

Mwenyewe alikuwa ameona kitu hakijakaa sawa, na akaamua kwamba dawa ni kurudia yote kwa picha 24. Hesabu hiyo haitamsaidia. Theluthi ya sekunde ni theluthi ya sekunde, iwe ni picha 4 au 8. Gunia litabaki jepesi, ila sasa litakuwa jepesi kwa ulaini.

Nilimwambia aende akasimame nje ya stoo yoyote ya nafaka kwa saa moja, simu ikiwa mfukoni. Mpakiaji hainui gunia mara moja. Kwanza anashuka. Wenzake wanalilaza mgongoni, naye anakaa hapo chini kidogo, hatikisiki, kama mtu anayesikiliza. Kisha magoti yanaanza, kidogo sana, halafu zaidi. Hatua ya kwanza inachelewa na ni fupi. Shingo iko mbele ya mwili muda wote. Ukiyageuza hayo kuwa picha: 6 za kushuka, 10 za kutulia, 12 ambazo gunia linapanda kwa unene wa kucha tu, 8 ambazo linapanda kwa haraka, kisha 8 za kutafuta mizani kabla mguu haujatoka. Jumla ni picha 44, chini ya sekunde 4. Mzee yuleyule, simu ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunajua kilichomo ndani ya gunia.

Kuna kitu kuhusu sanaa hii ambacho kinafaa kusemwa wazi. Wakenya tunawajua vikaragosi wa The XYZ Show, kipindi alichokianzisha Gado mwaka 2009. Pale mkono uko ndani ya kikaragosi, na uhai wote unatoka kwa mkono huo: ukichoka, kikaragosi kinachoka. Kwenye stopu-mosheni mkono lazima uondoke kabla picha haijapigwa. Kikaragosi kinabaki peke yake mbele ya kamera, na kila picha ni picha ya kitu kilichosimama. Mwendo haupo popote isipokuwa kwenye pengo kati ya picha mbili, na pengo hilo analijaza mtazamaji kwa anavyoijua dunia. Mtu aliyewahi kubeba gunia analijaza kwa mgongo wake. Ukimdanganya hapo, umemdanganya mwilini, na hilo halisameheki haraka.

Wazee wa sanaa hii walilijua jambo hilo wakiwa na vifaa duni kuliko simu yako. Mwaka 1910, kule Kaunas, Ladislas Starewicz, mtu wa jumba la makumbusho ya viumbe, alitaka kupiga filamu ya mbawakawa wakipigana. Akiwasha taa, wadudu wanaacha vita. Akachukua waliokufa, akawaunga miguu kwa waya na nta, akawasogeza picha kwa picha. Miaka miwili baadaye alitoa The Cameraman's Revenge, kisa cha ndoa, wivu na usaliti miongoni mwa wadudu. Sisi Kitale tuna makumbusho yaliyoanzia kwenye mkusanyiko wa Stoneham, mlowezi aliyekuwa mtu wa kukusanya wadudu na viumbe wengine. Watoto wa shule hupelekwa pale kila muhula, wanapita kwenye vioo, wanarudi kwenye basi. Mahali pazuri kama pale pa kusoma jinsi mguu wa mdudu unavyokunjika sipajui, na bado sijaona filamu hata moja ya mbawakawa kutoka huku.

Niger kulikuwa na Moustapha Alassane, aliyefariki 2015. Alianza animesheni katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 2001 akatoa Kokoa, filamu ya vikaragosi ambamo wanyama wanapigana mieleka mbele ya watazamaji. Angalia alichochagua: mieleka. Ni mchezo ambao hauna chochote ila uzito, nani anamtoa nani chini. Hakukimbia ugumu wa sanaa yake, aliufanya kuwa hadithi. Na kama ulikulia huku na uliwahi kutengeneza gari la waya, lile lenye usukani mrefu na magurudumu ya vifuniko, basi tayari unajua nusu ya ufundi wa kutengeneza mifupa ya kikaragosi.

Kutulia ni sehemu ya uzito pia. Kwenye The Wrong Trousers ya mwaka 1993, Nick Park alimweka pengwini mwizi asiye na mdomo wa kusema wala nyusi za kukunja. Ana macho mawili kama shanga. Karibu hafanyi kitu, na ndiye mtu wa kuogofya kuliko wote ndani ya filamu. Sasa linganisha na klipu nyingi ninazotumiwa: kila kikaragosi kinatikisa kichwa, mikono inapunga, macho yanazunguka, kwa sababu mwenye filamu anaogopa kwamba kisiposogea tutadhani kimekufa. Kinyume chake ndicho huwa. Kinachosogea bila sababu ndicho kinachoonekana kuwa takataka inayopeperushwa.

Yule mzee wa Kitale ana sehemu moja ambayo tayari ni kubwa, na mwenyewe alitaka kuikata. Alifinyanga uso kwa udongo wa shambani, na upigaji picha ulichukua siku tatu. Udongo ukakauka. Kufika mwisho wa filamu, wakati mzee anangoja lori, nyufa zinaanza chini ya jicho na kushuka hadi kidevuni, polepole, picha kwa picha, bila mtu kuzigusa. Jamaa akaniambia ataupaka mafuta udongo ili usipasuke. Nikamwomba aniache kwanza nikae. Hakuna mwigizaji duniani anayeweza kuzeeka hivyo kwa sekunde 20.

Sisemi ufundi haufai. Kuna makosa ambayo lazima yaondoke, kwa sababu yanamvuta mtazamaji atoke kwenye hadithi aanze kutazama chumba chako. Kwanza ni mwanga wa dirishani. Kitale iko juu, karibu mita 1,900, na mawingu yanapita siku nzima. Picha moja ina jua, inayofuata ina kivuli, na filamu inapepesa kama balbu mbovu. Funga pazia, piga usiku, tumia taa moja isiyosogezwa. Taa ya kuchaji ni poa stima ikipotea, lakini chaji ikishuka na mwanga unashuka nayo, kwa hiyo maliza tukio moja kwa chaji moja. Na kumbuka umeme wetu unafanya taa nyingi zipwite mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona, ndio ile michirizi. Kama simu inakuruhusu kuchagua kasi ya kupiga, weka sehemu ya 50 ya sekunde au polepole zaidi.

Pili, simu huwa na akili yake. Ukisogeza kikaragosi inabadilisha fokasi, mwanga na rangi bila kukuuliza. Vifunge vyote vitatu kabla ya picha ya kwanza. Programu kama Stop Motion Studio ina toleo la bure, na programu nyingi za namna hiyo zina sehemu ya kufungia. Tatu, usiguse skrini. Ukibonyeza, simu inasogea. Kitufe cha sauti kwenye waya wa spika za masikioni hupiga picha kwenye simu nyingi. Simu yenyewe ibane kati ya matofali mawili, meza uibandike sakafuni kwa selotepu. Kikaragosi kikiyumba, kiwekee vipande vya sumaku ya spika iliyokufa miguuni na kipande cha bati chini ya jukwaa. Gharama yote hiyo haifiki bei ya sahani ya chipsi na kuku. Ukimaliza hapo ufundi umekamilika vya kutosha, na simu haitakuwa kisingizio tena.

Kutoka Kitale kwenda Bungoma matatu hupita Kiminini, Kamukuywa, kisha Webuye, mji uliojulikana nchi nzima kwa karatasi. Nilienda kutazama filamu ambayo nayo ni ya karatasi. Mwenyewe ni dada wa umri wangu, na nimeahidi kutomtambulisha. Amekata watu na nyumba kutoka kwa pakiti za unga na mifuko ya saruji, anawalaza juu ya kioo cha dirisha na kuwapiga kutoka juu. Filamu ni ya dakika nne, na sauti ni ya nyanyake, akisimulia jinsi familia ilivyoondoka Cheptais mwaka 2007, wakati wa mapigano ya Mlima Elgon. Watu wa Bungoma wa rika letu wamekulia ndani ya stori hizo bila kusimuliwa. Ziko kwa namna mtu anavyonyamaza ukitaja jina la mahali fulani.

Kwa hivyo hapa kuboresha filamu si mchezo wa kupata likes. Filamu ikiwa mbaya, nyanya amefungua mdomo bure.

Dakika mbili za katikati ni mbaya. Watu wa karatasi wanakimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Moto umepakuliwa kutoka intaneti na kubandikwa juu yao. Kuna milio ya risasi, na muziki wa filamu za kivita. Watu wenyewe wanateleza kama karata zinazosukumwa, na huwezi kujua nani ni mtoto nani ni mzee. Kisha, bila matayarisho, zinakuja sekunde 11 za sufuria. Sufuria iko juu ya mafiga, maji ya ugali yanachemka, kifuniko kinainuka na kushuka, kinainuka na kushuka. Hakuna mtu. Mlango nyuma unasogea kidogo, upana wa kidole, unatulia. Nilihesabu picha 132, nyingi zikiwa karibu sawa. Nilipomaliza kuzitazama sikutaka kuongea.

Akaniuliza kama aiondoe, kwa sababu "hakuna kitu kinafanyika." Haki ya Mungu! Nikamwambia aiache kama ilivyo, na airekebishe ile mbio iifikie. Na jibu la namna ya kuirekebisha limo kwenye sauti ya nyanya mwenyewe. Anasema alibeba godoro. Anasema aliacha sufuria motoni akabeba godoro, na mpaka leo hajui kwa nini alichagua godoro. Kwenye filamu godoro halipo! Watu wote wa karatasi wanakimbia mikono mitupu. Lakini mtu anayehama usiku hubeba, na anachobeba ndicho kinachoamua anavyotembea. Toa umati, toa moto wa intaneti. Weka mtu mmoja, godoro moja kubwa kuliko yeye, na njia. Godoro likinaswa na kichaka, asimame. Ahamishe bega. Karatasi haina uzito, ni kweli, lakini mtu wa karatasi anayesimama kupumua anao.

Sanaa hii imewahi kubeba mambo mazito kama hayo karibu nasi. Jean-Michel Kibushi, Mkongomani mwenye studio iitwayo Malembe Maa, mwaka 1991 alitengeneza kwa karatasi zilizokatwa kisa cha chura aliyekwenda kwa wakwe. Mwaka uliofuata akatoa Kinshasa, septembre noir, kuhusu uporaji uliofanywa na wanajeshi Septemba 1991. Aliutengeneza kwa michoro ya watoto. Hakutafuta picha safi kuliko hizo. Mkono wa mtoto aliyeona ulikuwa na kitu ambacho mchoraji stadi hangekuwa nacho. Wanaojua Kilingala wanajua pia maana ya malembe: polepole.

Kuna mtu amemshauri dada wa Bungoma aweke msimulizi wa Kiingereza ili filamu iingie kwenye matamasha ya nje. Napinga. Tazama Yellow Fever ya Ng'endo Mukii, ya mwaka 2012, kuhusu wanawake na kujichubua ngozi. Ni mchanganyiko wa uchoraji na miili ya watu halisi, na chini yake ziko sauti za familia yake mwenyewe, akiwemo mpwa mdogo anayesema wazi kwamba angependa kuwa mweupe. Mwigizaji angeweza kusema maneno hayohayo. Lakini yasingekuwa na mtoto ndani yake. Nyanya wa Bungoma anasita kabla ya neno "godoro", pumzi nzima. Pumzi hiyo ina uzito kuliko dakika mbili za risasi. Maandishi ya tafsiri yanaweza kuwekwa chini ya picha. Pumzi haitafsiriki.

Sijui kama filamu hizi mbili zitafika mbali. Najua ya Kitale imerudi mezani, na kwamba mwenyewe alikaa nje ya stoo si saa moja bali asubuhi nzima, akarudi na daftari lenye michoro ya magoti. Ya Bungoma inangoja godoro. Anatafuta karatasi nene itakayokunjika katikati bila kukatika, na nimemwambia ajaribu ndani ya pakiti ya maziwa.

Wewe unayesoma na una simu mkononi, usianze na vita wala na mahindi. Anza na kikombe. Kiweke katikati ya meza, kisogeze hadi ukingoni kwa sekunde 10, picha 120, bila muziki. Kabla hujaanza, amua kama kina chai au ni kitupu, na usimwambie mtu. Kisha mwite yeyote aliye nyumbani, umwonyeshe mara moja, umuulize: kikombe kilikuwa na chai? Akikosa jibu, futa, rudia.